Bastola ya Baba, Daraja la Kwanza

Jumanne, 1 Oktoba 1968. Bunda.

Msimu wa pamba umefungwa. Ghala la chama cha ushirika limefagiliwa, mizani imefunikwa gunia. Mimi, karani wa madaraja, sina cha kupanga daraja. Miezi minne nimeshika pamba ya watu mkononi nikasema hii safi, hii fifi, yaani daraja la pili, na hakuna mkulima aliyenishinda hoja. Leo nimejikuta nagawa viazi vya jikoni mafungu mawili. Justina, mke wangu, ameniomba nitoke nje.

Barua kutoka Butiama, katekista ameandika kwa niaba ya mama. Nyasi za paa zimeoza upande wa kitanda. Vuli haiko mbali. Anakumbusha kwamba siku ya Pasaka nilisimama mbele ya waumini nikaahidi kumwezekea nyumba kwa mabati. Kweli nilisimama. Nilisema pia "kabla ya vuli". Sijui nani alinituma kutaja tarehe.

Nimekata shauri. Nitauza bastola ya baba. Mama mwenyewe alinikabidhi tulipomaliza matanga, akasema ipo siku itafaa. Siku imefika.

Alhamisi, 3 Oktoba.

Dereva wa basi la Musoma amenithibitishia. Yuko Fundi Muharami, fundi bunduki mwenye leseni, anayewanunulia wakusanyaji silaha za kale za jeshi. Halipi bei moja kwa wote. Anaangalia hali ya kitu, ndipo anataja bei. Nilimwambia dereva kwamba hiyo ndiyo kazi yangu tangu nitoke sekondari.

Nimeifungua kutoka kwenye kitambaa chake. Bastola ya zamani, yenye kizungushio cha matundu sita. Haipigi tena. Polisi waliikata sindano ya kufyatulia mwaka wa sitini na mbili wakampa baba hati. Harufu ya mafuta ya kondoo ikanijaa puani. Jumapili baada ya ibada baba alikuwa akiitandikia ngozi ya ng'ombe uani, na sisi watoto tukiruhusiwa kuigusa kwa kidole kimoja. Mzee Kwangu wa Nyasura alikuwa akija na yake. Wawili hao walikuwa wapagazi katika vita vya Mjerumani, na afisa mmoja aliyerudi kwao aliwaachia sanduku lenye bastola mbili. Waliziita Mapacha. Walizilaza pamoja kwenye ngozi, kisha wakaanza kubishana ni mto gani waliouvuka kwanza. Usiku wa Uhuru baba alivaa mkoba wa ngozi wa bastola kiunoni, mtupu, akaenda kuitazama bendera ikipanda. Sijamwona tena amesimama wima namna ile.

Basi. Nimechora jedwali. Mtutu, kizungushio, kishikio, rangi, kutu, mikwaruzo. Kila kipengele alama kumi.

Jumla: thelathini na moja kati ya sitini. Rangi ya bluu-nyeusi imekwajuka. Madoa ya kahawia mahali pawili. Mbao ya kishikio imelika upande mmoja, pale baba alipozoea kuweka gumba. Pamba ya namna hii ningemrudishia mwenyewe akaichambue upya.

Jumamosi, 5 Oktoba.

Nyasura, kwa shemeji yangu Kwangu, kaka yake Justina. Aliirithi bastola ya pili, na jina la baba yake pia. Nilitaka kuiona kwa ajili ya ulinganisho tu.

Aibu tupu. Ilikuwa imetiwa ndani ya soksi, soksi ndani ya debe la karanga. Nyeusi, imejaa mafuta yaliyoganda, na uzi wa buibui kwenye mtutu. Niliipa alama kumi na tisa, na hapo nilimwonea huruma. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni fifi, bei ya haki ni shilingi hamsini, lakini kwa kuwa yeye ni shemeji ningemtua mzigo kwa arobaini. Nia yangu ilikuwa kuichambua, kisha niuze zote mbili.

Kwangu alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema, "Shemeji, wewe ukija na kalamu huwa naficha hata mbuzi." Akaongeza kwamba yeye hajawahi kuisafisha kwa sababu baba yake alikatazaga, na sababu hakuisema.

Uvivu wa kurithi. Nimeuandika pembeni mwa jedwali.

Jumapili, 6 Oktoba.

Sikwenda kanisani. Kazi ya kumwezekea mama nayo ni ibada.

Msasa, jivu, mchanga wa ziwani, mafuta ya taa. Nimesugua kwa saa tano nzima. Kwanza imetoka ile rangi iliyokwajuka, na chini yake chuma cheupe kama kijiko cha harusi. Ubavuni palikuwa na vitarakimu vidogo vilivyoshindiliwa uchafu. Uchafu na vitarakimu vimetoka pamoja. Madoa hakuna. Kutu hakuna.

Kwenye kishikio nilisita kidogo. Niliweka gumba langu ndani ya lile bonde la gumba la baba. Liliingia sawasawa. Nilikaa nalo pale kwa muda, hata Justina akaniuliza kama nimejikata. Lakini kwenye jedwali kipengele cha kishikio kilikuwa na alama tatu, na jedwali ni jedwali. Nimepiga msasa mpaka pande zote mbili zimelingana.

Jumla mpya: hamsini na nane. Mbili nimezizuia ili nisionekane najipendelea.

Justina ameitazama akauliza kwa nini imefanana na bomba la maji. Hana mafunzo.

Jumatano, 9 Oktoba. Musoma.

Kwangu alipanda basi lilelile, debe la karanga mapajani. Njia nzima alinitafunia karanga sikioni.

Karakana ya Fundi Muharami iko karibu na bandari. Mzee mfupi, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Nilitangulia. Niliweka bastola mezani, nikaweka na jedwali kando yake.

Hakusoma jedwali. Aliigeuza bastola mara moja, akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Nani kaifanyia hivi, mwanangu?" Nilijibu kwa fahari kwamba ni mimi, kwa mikono yangu. Akasema ile rangi ndiyo ngozi ya chuma. Ndiyo iliyokikinga na kutu miaka hamsini, na ndiyo mnunuzi anayoilipia, hata ikiwa imechakaa. Nimeichuna ikiwa hai. Kitu cha kale hakifanywi kipya, akasema. Mtu anataka kuona mikono iliyokishika. Bei: shilingi thelathini, kwa ajili ya skrubu zake.

Nilimweleza utaratibu wa pamba. Alisikiliza kwa adabu. Akasema pamba haijapigana vita.

Kisha Kwangu akatoa soksi yake. Muharami aliipangusa kwa kitambaa kikavu pahali pamoja tu, akasoma vitarakimu ubavuni, akakaa chini. Shilingi mia nne. Halafu akauliza iko wapi mwenzake, maana kwenye kishikio kwa chini mtu amekwangua alama mbili zinazofanana, kama za mapacha. Angepata jozi yenye namba zinazofuatana, angetoa elfu moja kwa zote mbili bila kubisha.

Kwangu alinitazama. Mimi nilitazama ubavu wa bastola yangu, laini kama sahani.

Kwangu aliuza yake. Mimi sikuuza. Thelathini haitoshi hata misumari.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Nimefanya hesabu upya. Kosa si la jedwali. Fundi ana macho mabovu na miwani ya uzi. Justina amesema niende nikamwambie mama mwenyewe, nisimtumie katekista. Mawingu yamekaa upande wa ziwa tangu asubuhi.

Jumapili, 13 Oktoba. Butiama.

Mama alikuwa ameshahamisha kitanda. Amekisogeza mlangoni, na pale kilipokuwa ameweka sufuria mbili na beseni. Alinikaribisha kwa uji, akaniuliza habari za Justina, habari za ghala, kila habari isipokuwa ya mabati. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nilimpa bastola, nikaanza kueleza. Aliipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu cha baba. Akapitisha gumba lake kwenye kishikio. Akapitisha tena. Akageuza upande wa pili, akarudi upande wa kwanza.

"Baba," akaniambia, kama anavyoniita tangu utotoni, "hii si yake. Ya mzee ilikuwaga na shimo hapa. Alipokuwa na mawazo alilikalishaga gumba humo, hata usiku ule homa ilipomzidi."

Nilimwambia ndiyo hiyohiyo, nimeisawazisha tu. Hakunigombeza, angenigombeza ningejua pa kuanzia. Aliingia ndani, akatoka na mafuta ya kondoo, akaipaka yote taratibu, akaifunga kitambaa. Akasema ataiweka chini ya kitanda. Pengine itazeeka tena.

Nilirudi Bunda nimekaa kiti cha nyuma kabisa, ingawa vya mbele vilikuwa vitupu.

Jumamosi, 19 Oktoba. Butiama.

Nimeitwa kwa haraka. Nilidhani mvua. Nikakuta lori uani kwa mama, na Kwangu juu yake, anashusha mabati thelathini. Ameyanunua kutoka duka la zamani lililovunjwa mjini Musoma. Mabati mazima, yasiyo na tundu hata moja la kutu, ila yamekaa juani miaka kumi na yamepata rangi ya kijivu kama tumbo la sato.

Nilimwambia siwezi kupokea. Akasema hakuniletea mimi, na kama nataka kuyapa alama nikae mbali. Mama akauliza kwa nini anampa yeye. Kwangu akashuka, akavua kofia. Akasema wakati wa vita, njia ya Tabora, homa ilimshika baba yake, na wenzao wakamwacha chini ya kichaka, na baba yangu akambeba mgongoni siku tatu pamoja na mzigo wake. "Bila mgongo ule, mama, mimi nisingezaliwaga. Hili ni paa tu."

Mama alimshika mkono hakuuachia. Mimi nilijifanya nahesabu mabati. Sikuona vizuri, nilipata ishirini na nane.

Fundi wa kuezeka atafika Jumatatu. Kwangu ameniomba jambo moja tu: niyalinde mpaka siku hiyo, nisifanye lolote.

Jumapili, 20 Oktoba. Butiama.

Ukarimu wa Kwangu umenigusa, na siwezi kukaa bure wakati mwenzangu ametoa mia nne nzima. Nimeyatazama mabati tangu alfajiri. Ni mazuri, lakini ile rangi ya kijivu inayaangusha. Hali ya jumla: daraja la pili. Sitakubali mama yangu alale chini ya daraja la pili mbele ya waumini wote.

Mchanga na jivu, na gunia bichi. Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza mabati tisa. Yanang'aa mpaka kuku wanayakwepa. Ule utando wa kijivu unatoka kwa shida sana, umeng'ang'ania kama ngozi, lakini mkono wangu una uzoefu.

Saa kumi mvua ilinyesha kidogo, manyunyu tu. Nilipoyageuza, yale matatu ya kwanza yalikuwa na vidoa vya kahawia. Uchafu uliojificha ndani unatoka wenyewe. Dalili nzuri.

Nimeongeza mchanga.