Mwalimu Wilbrod Yupo Kipindini

Inatangazwa kwa walimu, wanafunzi na wazazi wote wa Kanda Ndogo ya Delta kwamba teknolojia imeingia darasani rasmi tangu Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, na yeyote aliyeiona ikiingia kabla ya hapo alikosea.

Hivyo ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Saba. Mwandishi wake, Ndugu Stephano, Mratibu wa Uingizaji, aliusoma mara tatu ofisini kwake Kibiti kabla ya kuupiga muhuri, na kila mara ulimpendeza. Alikuwa mtu wa bara, mwaka wa tatu huku pwani, na alikwisha kuugundua ugonjwa wa elimu ya huku: wanafunzi walikuwa wakiwasaidia walimu wao kutumia vishikwambi bila kibali. Mtoto wa kidato cha pili anamwonyesha mwalimu pa kubonyeza, hadharani, na mwalimu anasema asante! Mambo gani hayo?

Waraka ulileta dawa. Mwanafunzi msaidizi sasa angeitwa Mwezeshaji Mdogo, angevaa utepe wa kijani, na kwa mujibu wa kifungu cha tisa hangeruhusiwa kujua kuliko mwalimu wake katika saa za kazi. Kwenye shule ambako mtandao hupatikana juu ya kichuguu nyuma ya vyoo, mwanafunzi anayekaa huko na simu mkononi angeitwa Mnara Msaidizi.

Juu ya wote hao ulikuwapo Mfumo. Mfumo ulihesabu vipindi, ulipanga walimu kwa bidii yao, na haukuwa na makosa, kwa kuwa kanuni zake aliziandika Ndugu Stephano mwenyewe.

Mwalimu mmoja tu alisumbua. Mwalimu Wilbrod, wa fizikia, katika sekondari moja ya kata upande wa Ruaruke, hakuhudhuria semina ya Waraka. Ofisi ikamwandikia ajieleze. Mkuu wa shule, Mwalimu Wilhelmina, akajibu kwamba Mwalimu Wilbrod alifariki wakati wa masika, akasafirishwa kwao Karagwe, akazikwa. Ofisi ilitoa pole, kisha ikamkumbusha kwamba Mfumo unatambua sababu nne za kutokuwepo kazini: Ugonjwa, Uzazi, Likizo na Safari. Kufariki hakumo.

Shule ikachagua Safari. Mfumo ukauliza tarehe ya kurudi. Wakaiacha nafasi wazi, Mfumo ukakataa. Mwishowe Mwezeshaji Mdogo mmoja akajaza 31 Desemba 2099, na Mfumo ukamtakia Mwalimu Wilbrod safari njema.

Baada ya hapo kifungu cha kumi na moja kilijiendesha chenyewe: kishikwambi cha mwalimu aliye safarini kifutwe kila kilichomo, kirudishwe Kibiti. Ndugu Stephano aliamua kwenda kukifuta kwa mkono wake.

Alifika Alhamisi saa tano, viatu vimevaa tope kuliko yeye alivyovaa suti. Alipokewa na Mwalimu Wilhelmina pamoja na msichana wa kidato cha nne mwenye utepe wa kijani, jina lake Muzdalifa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kishikwambi kiko wapi?"

"Kinafundisha."

Ndugu Stephano akamgeukia mkuu wa shule.

"Ndivyo ilivyo," alisema Mwalimu Wilhelmina. "Tangu msiba hatujaletewa mwalimu mwingine wa fizikia. Marehemu alirekodi masomo sitini na moja. Huyu binti ndiye aliyemfundisha kurekodi."

"Kabla ya Waraka?"

"Kabla."

"Kwa hiyo alijua kuliko mwalimu wake."

"Si sana, Mheshimiwa," alisema Muzdalifa. "Yeye alijua fizikia, mimi nilijua pa kubonyeza. Alikuwa anakigusa kioo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nikawa namwambia, bonyeza tu Mwalimu, hakiumwi. Mtihani wa taifa ni wiki sita zijazo. Ukikifuta hatuna mwalimu. Na kaburi lenyewe liko Karagwe, hata kwenda kumwombea hatuwezi. Huku kimebaki hicho."

"Uliandika ombi kisifutwe?"

"Niliandika. Mkajibu lisainiwe na mwalimu wa somo."

"Akasaini?"

"Yuko safarini."

"Vizuri," alisema Ndugu Stephano, aliyefurahi kila alipoona utaratibu umefuatwa, na akaingia darasani.

Wanafunzi arobaini walikuwa wanatazama shuka jeupe lililotandazwa ukutani. Ndugu Stephano alitaka ufutaji uonekane na wote, uwe fundisho. Lakini kwanza alichomoa waya wa projekta ili aukague, na alipoukagua hakuweza kuurudisha. Aliujaribu kwenye tundu la kwanza. Akaujaribu la pili. Akaupuliza. Darasa lilimtazama kwa adabu kubwa.

"Mbona hamnisaidii?"

"Kifungu cha tisa, Mheshimiwa," alisema Muzdalifa. "Tumeacha kujua."

Dirishani, kutoka kule kichuguuni, ikaja sauti ya Saadi, Mnara Msaidizi: "Mheshimiwa! Tunaomba ruhusa ya kujua! Huku juu jua kali, bwana!"

Ndugu Stephano alipangusa jasho. "Mmeruhusiwa. Dakika mbili."

Muzdalifa alitumia sekunde nne. Zilizobaki alirudi kuketi.

Ndugu Stephano akabonyeza *Futa*. Kwenye shuka yakatokea maandishi:

*Haiwezekani. Mwalimu Wilbrod yupo kipindini. Tafadhali usimsumbue.*

Akabonyeza tena, kwa nguvu ya cheo. Mfumo ukaleta orodha ya walimu wa Kanda nzima. Wa kwanza: Wilbrod, vipindi mia mbili na kumi na vinne, vyote tangu asafiri. Wa mwisho, chini kabisa: Stephano, aliyejiandikisha kuwa mwalimu ili naye agawiwe kishikwambi. Vipindi sifuri.

Kisha kikaja kifungu cha kumi na nne. *Mwenye sifuri hatagusa chombo cha mwalimu mwenzake mpaka ahudhurie masomo yote ya mwalimu aliye wa kwanza, somo moja kwa siku, ili maarifa yasimpalie. Kamera itampiga picha kila dakika kumi. Atakayetoka kabla ya muda ni mtoro, na mtoro huvuliwa cheo.*

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Chini ya kifungu, kwenye shuka, ilikuwapo sahihi yake mwenyewe, kubwa kama mbuzi.

"Mheshimiwa," alisema Muzdalifa, "dawati la mbele lina nafasi. Ni la wanaochelewa."

Akaketi, magoti yakagusa kidevu. Kishikwambi kikampiga picha. Na pale ukutani akatokea Mwalimu Wilbrod, mwembamba, chaki mpaka kwenye kiwiko, akiinama kukitazama kioo kwa wasiwasi.

"Imeshika?" aliuliza.

"Imeshika, Mwalimu," ilijibu sauti ya Muzdalifa kutoka ndani ya kishikwambi, sauti ya mwaka jana. "Toa kidole."

Darasa likacheka, kama lilivyocheka kila siku mahali hapo. Muzdalifa alicheka pia, kisha akajifuta macho kwa utepe wa kijani, matumizi ambayo Waraka haukuyataja.

"Kitu kilichokaa," alisema Mwalimu Wilbrod, "kitaendelea kukaa, mpaka kitokee kitu kingine kikisukume. Nipeni mfano. Nasubiri."

Akasubiri kweli. Darasa zima likamtazama Ndugu Stephano.

Baada ya nusu saa Ndugu Stephano aliinua mkono. "Naomba kutoka."

"Mimi Mwezeshaji Mdogo tu, Mheshimiwa. Ruhusa hutolewa na mwalimu aliye kipindini." Muzdalifa aliangalia ukutani, masomo hayo aliyajua kwa moyo. "Ngoja kidogo... Haya, muombe sasa."

"Mwalimu, naomba kutoka."

"Hapana," alisema Mwalimu Wilbrod. "Kaa chini. Umetoka jana."

Somo lilipokwisha Mfumo ulimpongeza. *Masomo yaliyobaki: sitini.*

Alipanga chumba pale kijijini. Alikuja kesho yake, na kila siku ya shule. Siku ambazo Saadi alishuka kichuguuni kwenda kula hazikuhesabiwa. Katika somo la nne alielewa kwa nini chuma huzama na meli huelea, na hakumwambia mtu. Katika somo la saba alijibu swali, akakosea, na Mwalimu Wilbrod akasema, "Jaribu tena, huna haraka." Ndugu Stephano hakukumbuka mara ya mwisho kuambiwa hivyo na mtu.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka ofisini kwake mwenyewe, Kibiti. Ilimtaka ajieleze kwa nini haonekani kazini. Alifungua Mfumo kwenye kishikwambi chake. Ugonjwa, Uzazi, Likizo, Safari. Kufundishwa hakumo.

Akachagua Safari. Mfumo ukauliza tarehe ya kurudi. Alikaa anakitazama kioo, kidole hewani.

"Weka yoyote, Mheshimiwa," alinong'ona Muzdalifa kutoka dawati la nyuma yake. "Mwalimu tulimwekea elfu mbili tisini na tisa, ikakubali."

Akaweka. Mfumo ukamtakia safari njema.

Jumatatu iliyofuata, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, akaja karani kutoka Kibiti kukifuta kishikwambi cha Ndugu Stephano. Karani alibonyeza mara moja tu. Hakikuwa kipindini, wala ndani hamkuwa na kitu. Kilifutika hata kabla Mwalimu Wilbrod hajamaliza kuuliza kama imeshika.