Vita vya Asilimia Mia Mbili na Arobaini

Ketini, nyinyi mlio na pa kuketi, na mliosimama egemeeni ukuta. Lazeni simu zenu kifudifudi mnipe masikio yote mawili, maana ninayoyasimulia ni makuu, nayo yalitendeka ndani ya chumba chenye upana wa hatua nne, baina ya kabati la mafaili na ndoo ya kudekia, katika hospitali ya ghorofa tatu na lifti isiyopanda.

Humo iliishi seva ya hospitali, mtambo mweusi wenye prosesa nane, bongo nane zinazogawana kazi. Mlinzi wake alikuwa fundi mmoja mwanamke, mpole wa ulimi, ambaye wauguzi walimwita Bi Waya: mshika bisibisi, msikilizaji wa feni, yeye aliyeifufua kwa kofi moja printa iliyokwisha kuandikiwa maziko.

Juu yake alitawala Mkuu wa Idara, sultani wa vikao, mwenye kalamu tano mfukoni na hata moja isiyo na wino. Ofisini kwake ilining'inia skrini kubwa ya kuonyesha jinsi seva inavyotumika. Jumatatu moja asubuhi, siku ya kwanza ya seva hiyo mpya tangu ichukue nafasi ya ile kuukuu, Mkuu aliinua macho yake akasoma: asilimia mia mbili na arobaini.

Mtu mwingine angejiuliza kikombe kimoja kinajaaje mara mbili na ushei. Mkuu hakujiuliza, kujiuliza hakukuwa miongoni mwa majukumu yake. Aliwakusanya wafanyakazi akawakaripia kwamba mashine inajituma kupita nguvu zake, ilhali wao hawafikishi hata nusu. Ilipofika jioni akaingiwa na hofu kuwa italipuka, na hapo akatangaza vita. Akaamuru feni mbili ziletwe, moja ikanyakuliwa kutoka wodi ya wazazi. Feni zikavuma, namba haikutikisika. Akamwita mshauri kutoka nje, bwana wa tai ndefu, aliyeitazama seva akiwa mlangoni kama mtu atazamavyo ng'ombe asiye wake, akapendekeza ipunguziwe mzigo. Basi Jumanne Mkuu akapiga marufuku majibu ya maabara kupita kwenye kompyuta. Namba ikashuka hadi mia mbili na kumi, naye akajipongeza kwa ushindi.

Majibu ya damu yakaanza kusafiri kwa karatasi, na karatasi zikasafiri kwa miguu ya Sista wa ghorofa ya tatu, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu. Jumatano karatasi ya mgonjwa wa kitanda cha sita ilipotelea ngazini kwa saa nzima, kumbe imeandikwa kwamba sukari yake imeshuka vibaya mno. Walimwahi, lakini kwa tundu la sindano. Mgonjwa alipotulia, Sista akashuka mpaka chumba cha seva, akaegemea kizingiti akihema.

"Mwanangu," akasema, "mimi hizo prosesa sizijui. Ila leo nusura nimpoteze mtu kwa sababu ya ngazi. Hebu iangalie hiyo mashine kwa macho yako mwenyewe."

Aibu ilimshika Bi Waya, kwa kuwa tangu Jumatatu alikuwa ametii tu. Akaunyosha mkono wake, ule mkono uliozoea mitetemo, akaulaza ubavuni mwa mtambo. Mtambo ulikuwa wa baridi, na chombo kinachojiua kwa kazi hakiwi baridi. Akaivuta kibodi, akazihoji prosesa moja baada ya nyingine, na kila moja ikakiri kwa unyenyekevu: ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na tano. Akajumlisha zote nane akapata mia mbili na kumi. Kisha akalifungua faili la mipangilio ya ile skrini, lililohamishwa kama lilivyo kutoka seva ya zamani iliyokuwa na prosesa moja, na kwenye mstari wa kumi na tisa akamkuta adui amejikunyata: idadi ya prosesa, moja. Programu ilikuwa ikijumlisha nane na kugawa kwa moja.

Lakini hata herufi haikubadilishwa pale bila sahihi ya Mkuu. Akapanda kwake.

Mkuu alimsikiliza akiichezea kalamu, kisha akasimama na kuhutubu. "Bi Waya, namba hii imetoka kwenye mashine, na mashine haina sababu ya kunidanganya. Nimeongoza idara hii miaka kumi na minne. Leo niiache skrini, nifuate hesabu za vidole?"

"Usifuate kitu, Mkuu. Nitazipa prosesa zote kazi ya bure, inayompisha kila mwenye haja, kwa dakika moja tu. Namba ikipita mia nane, mimi nimekosea, na karatasi za maabara nitazipandisha mwenyewe mpaka nistaafu."

Akabonyeza kompyuta ya mezani kwa Mkuu. Namba ikapaa: mia tatu, mia tano, mia saba. Mkuu akakisogeza kiti hadi mlangoni, halafu akajisogeza yeye nje ya mlango, ukabaki uso. Mia nane. Hapo ikaganda, na dakika nzima ikapita pasilipuke kitu.

"Mbona haiendelei?" akauliza kutoka kwenye korido.

"Prosesa ni nane, kila moja ina mia yake. Hakuna ya tisa."

Alitia sahihi kwa kalamu ya kuazima. Bi Waya akashuka, akafuta moja, akaandika nane, akahifadhi, kisha akayafungulia majibu ya maabara njia. Skrini ikasoma thelathini.

Ijumaa, kumbukumbu za kikao ziliandika kuwa Mkuu, kwa uongozi wake thabiti, ameshusha matumizi ya seva kwa asilimia mia mbili na kumi, na wajumbe wakapiga makofi. Waandike watakavyo. Tarihi hii inashuhudia, na vizazi vishuhudie, kwamba Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, moja iling'olewa kwenye kiti kisicho chake na nane ikatawazwa, kwa kidole kimoja cha mwanamke mmoja, na kwamba saa tisa na robo simu ililia chumba cha seva, na sauti ya Sista, sauti ya mtu aliyeketi, ikasema neno moja tu: "Yamefika."