Paka Asiyeandikwa kwenye Orodha ya Mahari

Uvira, Kimanga, Jumanne asubuhi

Kwa Shemeji Rémy, kaka mkubwa wa mke wangu Domitille, Makobola
Kuhusu: paka wenu
Nakala kwa: Mama Mkwe (asomewe polepole)

Shemeji wangu mheshimiwa,

Nakusalimia kwa heshima yote anayopaswa kuwa nayo mume wa dada yako, na nyingine kidogo ya akiba, maana utaihitaji kabla hujafika mwisho wa barua hii. Sisi huku ni wazima. Ninaposema sisi, nina maana mimi na paka.

Kama unavyojua, Domitille yuko kwenu huko Makobola tangu wiki tatu. Majirani nimewaambia amekwenda kuwasaidia kuvuna mihogo. Wameniuliza ni mihogo gani hiyo inayovunwa wiki tatu, nami nikajibu kwamba shamba lenu ni kubwa sana, kwa hiyo usishangae ukisikia kuwa mmekuwa matajiri. Lakini siandiki kuhusu Domitille. Yaliyo kati yangu naye ni ya nyumbani. Naandika kuhusu paka, aliyetoka kwenu mwaka juzi ndani ya kikapu cha unga, amefunikwa kikwembe, siku ileile mlipomleta bibi harusi. Hadi leo hakuna mtu wa ukoo wenu aliyekuja kunieleza alikuwa anafanya nini mle ndani.

Malalamiko yangu nimeyapa namba, ili mkikaa baraza msichanganyikiwe.

1. Chakula. Dada yako alimpa jina la Minisitiri, kwa sababu anakula kabla ya watu wote na kazi yake haijawahi kuonekana. Jina sina neno nalo. Neno ninalo juu ya bajeti. Ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, wakiwa wakavu yeye hawali. Anawanusa, ananitazama usoni, kisha anawaparuria mchanga kana kwamba ni uchafu wake mwenyewe. Anataka ndagala wabichi wa asubuhi hiyohiyo. Siku ziwa likichafuka na wavuvi wasitoke, inabidi nimtafutie kipande cha mukeke, samaki ambaye mimi mwenyewe namla kwenye sikukuu na kwenye matanga. Mimi ni fundi wa kushona, na hesabu zangu naziweka kwa nguo: shati moja la shule, na kola yake na mikono yake yote miwili, ni siku tatu za Minisitiri. Kwa muhula ananilia darasa zima.

2. Kazi. Mama Noella, kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliniletea kitambaa cheupe cha sare ishirini na mbili, magauni ya kuimbia. Nikashona, nikapiga pasi, nikapanga. Minisitiri ni mweusi. Alizipitia sare zote ishirini na mbili mojamoja, akitafuta iliyo laini, na hakuharakisha. Mama Noella alipokuja kuzichukua aliinua moja juu, akaigeuza, akasema mbele ya wateja, “Fundi, sisi tulikuomba marobe. Hii iko mbuzi.” Nilikaa siku tatu nikiyatoa manyoya kwa mkono uliolowa maji. Kuhusu uzi sisemi mengi. Juzi niliufuata uzi mweupe aliouburuta kutoka kwenye cherehani hadi mtaa wa pili, na nilikokuwa napita watu walikuwa wananipisha kama msafara wa mtu mkubwa.

3. Heshima yangu. Tangu mihogo yenu ianze kuvunwa, majirani wananisikia nikiongea peke yangu ndani. Sikuwa peke yangu, nilikuwa namwambia paka ashuke mezani. Jirani yangu Mama Fanny akapeleka habari bombani kwamba Étienne anaongea na paka, na paka anamjibu. Kesho yake kikundi cha maombi kikaja watu tisa kuniombea nitoke kwenye kifungo. Waliomba kwa muda wa saa mbili. Minisitiri alikaa mbele kabisa, akafumba macho, hakutikisika hadi amina. Walipoondoka walimsifu yeye, na mimi wakaniachia siku tatu za kufunga.

4. Usafiri. Hapa nakuomba uketi.

Ni kweli, nilimpeleka Lubarika. Au tuseme nilimtuma. Mfanyabiashara mmoja rafiki yangu, Halidi, hupanda huko mara kwa mara na lori lake kununua mchele. Nilimtia Minisitiri ndani ya gunia langu la vitambaa, nikatoboa matundu ya hewa maana sina roho mbaya, nikampa Halidi na franka elfu tano juu, nikamwambia amwachie mkulima yeyote mwenye panya. Wazee husema paka akivushwa mto harudi. Nilihesabu mito yote ya njiani, nikaridhika.

Kosa langu ni moja. Nilihesabu mito, nikasahau kumhesabu Halidi. Huyu ni Mwislamu wa tangu babu wa babu yake, na kwao paka hatupwi, paka ni mgeni wa heshima. Halidi alimlisha siku nane kule Lubarika kwa maziwa, kisha akamrudisha kwangu ameketi mbele karibu na dereva, wakati akina mama wenye nyanya zao wamepandishwa juu ya magunia. Akanikabidhi mnyama na gunia lake, Domitille akiwa amesimama palepale mlangoni, akasema, “Étienne, minye siwezi tupa paka, ni zambi. Kula alikula, lakini usiku iko analia tu.” Kisha akanipa hesabu yake: maziwa ya siku nane, na kiti cha mbele. Kwenda alikuwa nyuma na magunia matupu, kwa hiyo kwenda alinisamehe.

Shemeji, siku zile nane dada yako alizunguka Kimanga yote akimwita yule paka, nyumba kwa nyumba, hadi ufukweni kwa waanikaji wa ndagala. Nami nilizunguka naye. Nilikuwa namwita kwa sauti kubwa kuliko yeye. Basi alilitazama lile gunia, na jina langu lilikuwa bado limeandikwa kwa kalamu ya fundi. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake ndani ya kikwembe na kuniambia, “Weye, kama umeweza kunidanganya juu ya paka, ya watu utanidanganya mara ngapi?” Paka alirudi saa nne. Saa sita mke wangu alikuwa amekwisha kupanda pikipiki kuja kwenu. Watu husema paka akiondoka panya hutawala. Kwangu mimi aliondoka Domitille, na anayetawala unamjua.

Desturi naijua. Mume hufuata na mbuzi na kreti ya pombe, wazee humsema mpaka wachoke, anatozwa faini, anarudi na mke wake. Mbuzi nilikuwa nimekwisha kumwona, dume zuri. Ndipo ukanitumia ujumbe kwamba Domitille hataki mbuzi. Anataka nimwombe paka msamaha, kwa sauti, na shahidi awepo, ndipo arudi. Shemeji, nina miaka arobaini na minne. Nimeomba msamaha maishani mwangu: kwa Mungu, kwa marehemu baba, kwa mwenye nyumba karibu kila mwezi. Kati yao wote hakuna aliyekuwa na mkia. Nimekataa, na kukataa huko ndiko kunakonifikisha kwenye namba ya mwisho.

5. Sheria. Karatasi ya mahari ninayo hapa mezani, iliyoandikwa kwa mkono wako mwenyewe. Ng'ombe wawili, mbuzi sita, blanketi la Mama Mkwe, koti la mjomba, taa, mfuko wa chumvi. Nililipa vyote, na koti nililishona mwenyewe na mjomba akasema linambana. Paka hayumo, si upande wa vinavyotoka wala upande wa vinavyoingia. Kwa hiyo yeye ni nani? Kama ni zawadi, zawadi inayokula huja na shamba lake, na shamba sikuliona. Kama ni mgeni, waliotutangulia walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimempa, analilalia. Kama ni mtu wa ukoo wenu, basi huyu ni shemeji yangu na ni mdogo wako. Ni wajibu wako kuja kumchukua, kumgawia kiwanja Makobola na kumtafutia mchumba.

Naomba baraza la familia liketi ndani ya siku saba na kuchagua moja: mumchukue paka wenu, au mnirudishie mbuzi mmoja kati ya wale sita kwa ajili ya malezi yake. Mkikaa kimya, nitachukua kwamba huyu ndiye hasa mliyeniozesha, kwa sababu ndiye aliyebaki nyumbani, nami nitaomba shangazi zake waje wamfundishe kupika.

Nisalimie Mama Mkwe na mguu wake, mjomba na koti lake, watoto wote, na kuku wale walionifukuza siku ya kujitambulisha. Na mwingine yeyote aliyepo hapo nyumbani kwenu, naye nampigia hodi.

Mkwe wenu, mwenye manyoya ya kuazima,
Étienne, fundi wa kushona

N.B. Barua hii imekaa siku mbili ikimngoja mtu wa kwenda Makobola, na kwa siku hizo mbili Minisitiri hajala. Wabichi amekataa, wakavu amekataa, hata mukeke niliyemkaangia kwa mkono wangu. Amelala mlangoni juu ya kandambili za Domitille, na mimi nikipita namruka. Nami chakula hakipiti vizuri. Leo asubuhi niliketi chini karibu naye nikamwomba msamaha, kwa sauti. Mama Fanny alikuwa anaanika nguo. Aliacha kuanika, akasikiliza mpaka mwisho, na sahihi yake ni ile pale pembeni, yenye alama ya sabuni. Paka hakujibu, lakini alisogea kidogo nikapata pa kukaa.

Msije kumchukua. Mkija, sitamtoa. Mwambie dada yako kwamba lililobaki kuniuma si maziwa wala lori. Ni zile siku nane nilizotembea naye nikiita, nami nikijua paka yuko wapi. Kama baada ya paka bado imebaki nafasi, na mimi namwomba yeye msamaha.