Kamati Iliyolazimisha Kahawa

Kamati ya Ustawi ya taasisi moja ya utafiti mjini Uppsala ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu kupumzika si hiari tena. Saa tatu na nusu asubuhi kila mtumishi ataketi, atakunywa kahawa, atakula andazi la mdalasini, kisha atatia saini kwamba amepumzika kikamilifu. Asiyepumzika atachukuliwa hatua kali.

Fundi wa maabara Gunvor alilisoma tangazo hilo huku amekumbatia ndoo ya barafu. Ndani mlikuwa na kichupa cha mwisho cha seli zake. Kisipotoa majibu, sehemu yao ya maabara inafungwa Jumatano wageni wa wizara wakija.

Seli ina vipokezi juu ya ngozi yake, kama mikono iliyotolewa dirishani kupokea habari. Gunvor hutia dawa, mikono ikaishika; kisha hutia rangi, mashine ikaihesabu. Lakini yote barafuni. Seli ikipata joto, huirudisha mikono ndani, na rangi haimkuti mtu.

“Torsten, nikiziacha zitapata joto,” alimwambia mwenyekiti wa kamati.

“Kwani seli hazina haki ya kupumzika?”

“Zikipumzika zinaficha mikono.”

“Basi zina akili kukushinda.”

Mwenzake Majken akamvuta pembeni. “We saini tu, shoga. Andazi lako nitakusaidia.”

Gunvor hakwenda; alibaki akatia dawa na rangi, akakiacha kichupa barafuni kando ya mashine. Kamati, kwa masikitiko makubwa, ikamfungia nje wiki nzima kwa kosa la uchovu wa makusudi.

Torsten naye alikuwa ameandaa seli zake za kuwaonyesha wageni, ingawa hakuwa amegusa kichupa kwa miaka tisa. Aliziacha mezani bila barafu akaenda kuongoza kahawa, na kusoma kanuni tu kulichukua dakika arobaini.

Jumatano, mashine ikatoa grafu mbili za hesabu mbele ya wageni: ya Torsten tambarare kama meza, ya Gunvor mlima. Torsten akaeleza kwamba utambarare ni dalili ya utulivu. Wageni wakauliza mlima ni wa nani.

Akapiga simu. “Gunvor, sehemu yenu haifungwi. Ila wanataka uje uwaeleze wewe mwenyewe.”

“Siwezi. Nimefungiwa wiki, na leo ni siku ya tatu.”

“Naifuta adhabu.”

“Adhabu inafutwa na kikao, Torsten. Umeandika mwenyewe. Na kikao ni Jumatatu.”

Torsten akashusha sauti.

“Gunvor, watu wa wizara wako hapa, wanakunywa kahawa ya tano.”

“Vizuri,” akasema. “Hakikisha wametia saini.”