Zephyr ya Mzee Jasbir

Muiruri alikuwa broka wa magari mjini Nakuru, maana yake alikuwa ameuza mengi ambayo hayakuwa yake. Lake lilikuwa moja tu, Subaru Legacy kuukuu alilorithi kwa mjomba wake, linalokunywa mafuta kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Jumamosi alitarajiwa kijijini Bahati kuanza mahari ya mchumba wake, Wariara, na safari iliyopita wazee walimrudisha kwa kuja mikono mitupu.

Basi siku alipopita kwa Mzee Jasbir, fundi mstaafu, kutafuta spea, akaona chini ya turubai Ford Zephyr lililomzidi umri, akasahau spea. Kitu cha zamani ni mali. Huo ndio uchumi wote alioujua.

"Mzee, pole sana," alisema, akishika boneti kama anayempima mgonjwa homa.

"Pole ya nini?"

"Hii gari. Spea hakuna. Askari wa kanjo watakuja kuivuta. Lakini mimi niko na roho safi. Chukua hii Subaru yangu, inatembea, mimi nikuondolee mzigo."

Jasbir aliitazama Subaru, akageuka upesi akifuta macho. Muiruri akadhani ni huzuni.

"Zephyr hii ndiyo ilinibeba siku ya harusi yangu," mzee alisema. "Ongeza kitu kidogo."

Kwa ukarimu Muiruri akaongeza jeki na jaketi lake la ngozi. Wakabadilishana.

Kisha akaanza kuwasaka wapenzi wa Zephyr. Wa kwanza, kule Gilgil, aliingia garini vizuri. Kumtoa kulihitaji watu wanne, kwa sababu ya goti. Wa pili alikuwa amezikwa. Watoto wake wakamuuliza Muiruri kama angependa kununua Zephyr zingine mbili za baba yao.

Alhamisi, kwenye kituo cha mafuta, akakuta vijana wakiipiga picha Subaru yake. Mwenyewe mpya, jamaa aitwaye Jerry, alikuwa akiipangusa kwa shati.

"Boss, nimeuza ploti kuipata kwa Mzee Jasbir! Nikiwa mdogo, Pasaka, moja kama hii ilitupita kwa mbio za rally hapo Elementaita ikatumwagia vumbi. Nimeiota tangu hiyo siku!"

Muiruri alifika kwa Jasbir akihema. Mzee alikuwa amevaa lile jaketi la ngozi.

"Kijana, watu hununua gari yenye iliwatupia vumbi wakiwa watoto. Wenye walikula vumbi ya Zephyr, nimewazika karibu wote."

"Si ungeniambia!"

"Ulikuja na roho safi. Nikaogopa kuichafua."

Jumamosi, kwa kukosa lingine, Muiruri akaenda Bahati na hilo Zephyr. Mzee Wanyoike, babake Wariara, aliinuka kitini bila fimbo, jambo ambalo ukoo haukuwa umeliona kwa miaka. Akalizunguka gari, akalipapasa.

"Moja kama hii ilipita hapo barabarani kwa rally nikiwa kijana mdogo! Vumbi tulikohoa mpaka Jumatatu!"

Roho ya Muiruri ikarudi mahali pake. Mteja, tena mzima!

"Baba, hiyo ni mali. Bei yake hata naogopa kuitaja."

"Usiitaje," alisema Wanyoike, akichomoa ufunguo na kuutia mfukoni. "Zawadi haiulizwi bei."

Akina mama wakapiga vigelegele. Muiruri akaingizwa ndani, akapewa kiti na uji.

"Mgeni amebisha hodi vizuri," Wanyoike akawaambia wazee. "Sasa tuanze mambo ya mbuzi wa mahari. Na mtu wa kubisha hodi na gari kama ile, jameni, tusimwaibishe na mbuzi wachache."