Utamaduni wa Kale Unaoanza Jumatatu

Iwafikie wote wanaohusika: kuanzia Jumatatu, wilaya itakuwa na utamaduni wa kale wa kumpokea mgeni kwa maua. Ndivyo alivyotangaza Bwana Renatus, mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, mbele ya wanafunzi wote mstarini. Ilikuwa Novemba 1995. Tangu wakimbizi wafurike kambini, wageni wakubwa walipita kila wiki, na mkoa ulikuwa umeuliza kwa maandishi kwa nini wanapokewa mikono mitupu.

Utamaduni ulikuwa tayari. Kilichokosekana ni historia yake tu.

Kazi hiyo akapewa Ansbert wa kidato cha tatu, kwa kipaji chake cha uandishi. Mwezi uliopita alibandika tangazo kwamba Jumapili imeahirishwa hadi Jumanne, kwa lugha safi ya kiofisi, na walimu wawili wakatii. Tangazo hilo lilimpatia onyo la pili. La tatu lingekuwa kubeba sanduku na godoro kurudi kwao Nyakisasa, kwa baba ambaye alishauza fahali ili yeye asome. Bwana Renatus alimweleza waziwazi: historia ikipwaya, onyo linatoka.

Mtafiti akaenda kwa Bibi Felisita, aliyelima nyuma ya bweni. Akampa shikamoo, akauliza zamani mgeni alipewa ua gani.

"Marahaba. Alipewa maharage."

"Nauliza ua, bibi."

"Ua ndilo linalokuwa maharage, mjukuu wangu. Ukilichuma unampa nini, njaa? Maua tunampa marehemu. Yeye hali."

Ansbert aliandika yote, kisha akayafuta, maana hayakuwa na hadhi. Akatunga kwamba tangu enzi za machifu, ua la maharage lilimaanisha mwenye shamba anampa mgeni chakula chake chote. Alijiona mjanja kupita kiasi. Bwana Renatus alisoma, akasema hata babu yake aliwahi kumsimulia hivyo hivyo, akagonga muhuri.

Kwa mujibu wa mwongozo wa kamati, maua yalipaswa kuchumwa asubuhi ya mapokezi, kando ya barabara, mwendo usiozidi nusu saa kutoka shuleni. Ansbert akaongoza wanafunzi mia mbili hadi shamba la kwanza lililochanua: ekari tano za maharage. Kuuliza ni la nani hakukumjia akilini. Mwongozo haukuwa na kipengele hicho. Kufikia saa tatu shamba lilibaki majani.

Mgeni alikuwa mama wa Kizungu wa shirika la misaada. Aliteremka garini kutoka Biharamulo akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akajazwa maua mikononi mpaka yakamwagika. Bwana Renatus alitabasamu. Akayatazama maua, akatazama upande wa barabara, akaacha kutabasamu. Lilikuwa shamba lake, na maharage alikusudia kuyauza kambini. Akamsogelea Ansbert, akamnong'oneza kwamba sanduku aanze kulifunga leo.

Mgeni, aliyekisema Kiswahili polepole lakini bila kukosea, akauliza maua haya yana maana gani. Ansbert akasoma historia yote, hadi kwenye muhuri.

"Na mwenye shamba ni nani?"

Mkuu wa shule akamwonyesha Bwana Renatus kwa heshima zote. Mgeni akamkumbatia. Machozi yakamtoka Bwana Renatus, na kumbukumbu za kamati zinathibitisha kwamba yalikuwa ya furaha.

Kisha mgeni akanyoosha kidole mlimani, kwenye mibuni ya Bwana Renatus, ambayo wiki hiyo ilikuwa imechanua nyeupe tupu.

"Na yale yanayonukia? Yana maana gani?"

Wanafunzi mia mbili wakajiandaa kupanda mlima. Bwana Renatus akamtazama Ansbert jinsi raia anavyolitazama dirisha la ofisi linapofungwa.

"Hayo, mama, utafiti bado unaendelea," alisema Ansbert. "Utakamilika nikimaliza kidato cha nne."

"Atamaliza," akasema Bwana Renatus.