Mheshimiwa na Kipimo cha Unywele Mmoja

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimekuwa mtu mzito. Maabara ya shule inapakwa rangi na harufu yake ni sumu kwa kinyonga wetu. Mwalimu wa biolojia akauliza nani atakaa naye nyumbani wiki hii. Tulinyoosha mikono mimi na Bi Vipimo, yule msichana wa dawati la mbele ambaye hatembei bila rula. Mwalimu akanichagua mimi. Alisema mimi ni mtulivu. Bi Vipimo alisema hata kabati ni tulivu. Darasa zima likacheka. Nilimjibu vikali, lakini moyoni.

Kinyonga tunamwita Mheshimiwa kwa sababu anatembea kama anayeelekea jukwaani na hana haraka ya kutimiza chochote.

Mpango ni huu. Jumamosi Mwalimu atakuja kumkagua. Akimkuta na afya njema, Mheshimiwa atabaki kwangu likizo nzima, nami nitakuwa mlezi wa wanyama wa shule. Mlezi hupewa ufunguo wa maabara. Ufunguo! Mtu asiyejua mpira wala kupiga soga anahitaji mahali pa kuwa wakati wa mapumziko. Mimi kwa sasa huwa nasoma tangazo la kinga ya moto ukutani. Nimeshalikariri.

Maelekezo ya Mwalimu: mpulizie maji kwenye majani asubuhi na jioni, naye atayaramba matone. Usimwekee bakuli, hatalitambua. Mchana acha kizimba kikauke na kipitishe hewa. Basi, kijana wangu, ndiyo hayo tu.

Ndiyo hayo tu! Maelekezo ya namna hiyo hupewa mtu wa kumwagilia maua. Mimi nitafanya kisayansi.

Jumanne, 10 Machi

Nimeunda kipimaunyevu. Kwa mikono yangu!

Kitabu cha maktaba kinasema unywele wa binadamu hurefuka hewa ikiwa na unyevu na hufupika hewa ikiwa kavu. Kwa hiyo: kipande cha kadibodi, sindano ya Mama kama mshale, na unywele mmoja wa kuuvuta mshale huo. Nimeandika sehemu tatu. KAVU. SAFI. MAJIMAJI.

Nywele zangu ni fupi mno. Nikachukua unywele kwenye kitana cha Dada. Ijumaa nywele zake zilifika shingoni, Jumamosi akatoka saluni zikiwa zimefika kiunoni. Sijui anakula nini. Unywele wake ni imara ajabu, nimeuvuta kwa meno haukukatika. Afya ya kupigiwa mfano.

Nikakiweka chombo ndani ya kizimba. Mshale ukasema KAVU. Nikapuliza maji. KAVU. Nikapuliza tena, majani yakatiririka, Mheshimiwa akafumba macho yote mawili kwa zamu. KAVU.

Kumbe tumekuwa tukiishi jangwani na hakuna aliyejua.

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi Bi Vipimo aliniuliza, mbele ya watu, unyevu wa kizimba changu ni asilimia ngapi. Nikasema wa kutosha. Jibu zuri sana, ila lilitoka kama pumzi ya tairi la baiskeli lililotoboka. Akaniomba nirudie. Nikaenda kunywa maji.

Anacho kipimaunyevu cha dukani, chenye namba. Anatangaza kwamba Jumamosi atafuatana na Mwalimu ili kuhakikisha. Wenzetu wa nyuma wakaanza kupiga meza wakisema mwaka huu patachimbika. Sina wasiwasi. Vitu vya dukani havina moyo.

Jioni nimening'iniza kopo kwenye fimbo ya pazia, nikatoboa tundu kwa msumari. Tone, tone, tone, moja kwa moja juu ya majani. Mheshimiwa alitoa ulimi akaramba. Nilitaka kupiga kelele za ushindi, lakini Mama alikuwa anashona chumba cha pili.

Niandike hapa kwamba chumba changu ni stoo ya Mama vilevile. Mama ni fundi wa nguo. Nguo za wateja zilizokamilika zinaning'inia juu ya kitanda changu, na karatasi zake za kukatia mitindo zimepangwa chini yake. Nalala kama koti.

Mshale: KAVU. Nimefunga kizimba chote kwa nailoni za kufunikia suti. Hewa kavu sasa itafute njia nyingine.

Alhamisi, 12 Machi

KAVU!

Mashine haidanganyi. Nimeongeza taulo mbichi juu ya kizimba, beseni la maji ya moto chini yake, na soksi zilizolowa pembeni. Dirisha nimelifunga. Kutoka nje huwezi kuona ndani ya kizimba kwa mvuke. Ni msitu kamili. Kilichobaki ni nyani.

Mheshimiwa amekuwa mweusi tii. Ameinua pua juu na kuachama. Nadhani ni mshangao wa raha.

Mama ananung'unika. Chaki yake ya kuchorea nguo imelainika kama siagi. Karatasi za mitindo zimejikunja, na kola aliyoikata leo ilitoka na umbo la figo. Suti ya mteja wake, karani wa benki, inanuka kama kiatu kilichosahauliwa. Akasema lazima paa linavuja. Akapanda kigoda kukagua dari. Nilimshikia kigoda. Alinisifu, akasema angalau ana mtoto mmoja anayejali. Nilikubaliana naye.

Vitabu vyangu navyo vimenenepa. Kamusi haiingii tena kwenye begi. Gharama za utafiti.

Ijumaa, 13 Machi

Balaa.

Dada aliingia chumbani kwangu kujitazama kwenye kioo, akafunga mlango. Mlango haukufunguka tena. Mbao imevimba! Akavuta, akagonga, kisha akaanza kuniita majina ambayo sitayaandika kwa sababu shajara hii huenda ikasomwa na wanasayansi wa baadaye. Alisema humu ndani kuna joto kama ndani ya sufuria ya wali. Alisema akitoka nitamtambua.

Mama akapiga mlango kwa bega. Mimi nikapiga kwa bega langu, ambalo halihesabiki. Mlango ukafunguka ghafla, ukagonga meza, meza ikaangusha kizimba. Nailoni zikachanika. Dada akatoka amelowa jasho, akanipiga kofi la kisogo bila kupunguza mwendo.

Nilipokiinua kizimba, mlango wake mdogo ulikuwa wazi.

Mheshimiwa hayupo!

Nimemtafuta chini ya kitanda, ndani ya viatu, kwenye kikapu cha nyuzi, mfukoni mwa karani wa benki. Kiumbe asiye na mwendo amenipotea mimi. Nilikaa sakafuni kidogo. Niliuona ufunguo ukiondoka. Nililiona tangazo la kinga ya moto, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nilimfikiria pia yeye mwenyewe, peke yake mahali fulani, bila hata taulo mbichi.

Kisha akili ikarudi. Kwenye mabaki ya Mama kuna kitambaa kizuri cha kijani. Nimeshona. Nimejaza pamba. Macho ni vifungo viwili. Mkia umejikunja wenyewe kwa unyevu, kazi ya bure kabisa. Nimemfunga kwenye tawi na kurudisha nailoni. Kwa mvuke ule, hata mama yake mzazi hawezi kujua.

Jumamosi, 14 Machi

Mwalimu amefika na Bi Vipimo. Nimewakaribisha kwa heshima zote. Mlango wa chumba uligoma, Mwalimu akasaidia kusukuma. Miwani yake ikajaa ukungu papo hapo. Akauliza kama kuna mtu anaoga humu.

Bi Vipimo akatoa kipimo chake. Akakitazama, akakitikisa, akakitazama tena. Akasema namba imefika mwisho, na kwamba humu ndani hata samaki angeomba taulo. Nikaonyesha chombo changu kwa kidole, kwa utulivu wa kitaalamu. KAVU. Mwalimu akainama kusoma. Aliinama muda mrefu.

Dada, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa ajili ya kufurahia, akasogea. Akauliza kama ule si unywele wake wa saluni. Nikasema ndiyo, na ashukuru, ameitumikia sayansi. Akaanza kucheka. Akashika ukuta, ukuta ukamwachia rangi kiganjani, akaendelea kucheka. Akasema, “Wewe kaka, hiyo ni bandia! Ni plastiki! Hata ukiitumbukiza kisimani haitajua kama imelowa!”

Bi Vipimo akatoa daftari. Aliandika mahali. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwalimu akaomba kumwona Mheshimiwa. Nikasema amelala. Akasema saa nne asubuhi? Nikasema amechoka na wiki. Akapitisha mkono chini ya nailoni, taratibu, kama daktari. Uso wake ukabadilika rangi vizuri kuliko kinyonga yeyote. Akautoa mkono. Alikuwa ameshika kifungo, na kinyonga wangu wa kitambaa akafuata nyuma yake.

Hapo Mama akaingia na chai, akamwona kinyonga wa kitambaa mkononi mwa Mwalimu. Akauliza ni nani aliyekata sketi ya mteja wake, maana yale hayakuwa mabaki. Nilitamani kuwa kabati kwelikweli. Nikamwambia Mwalimu ukweli: amepotea, tangu jana, na nimemtafuta kila mahali. Sauti ilikwama katikati lakini ilifika.

Mama akaweka chai mezani. Akauliza kama tunamtafuta yule mgeni mwenye macho ya kuzunguka. Kwa sababu, alisema, yuko jikoni kwake tangu jana, kwenye ua la dirishani, na kama ni wetu tumwondoe, anamwangalia akipika.

Tulikimbia wote. Alikuwepo! Kijani kibichi, mdomo umefungwa, macho yamejaa vizuri. Dirisha wazi, upepo unapita. Mwalimu alimtazama huku na huku, akamgusa ubavu, akasema huyu ana afya. Akamuuliza Mama amempa nini. Mama akasema hajampa kitu, nani ampe. Yeye akiosha vyombo asubuhi na jioni hukung'uta mikono juu ya ua, maana kitambaa cha kufutia mikono kimepotea. (Kiko juu ya kizimba.) Yule mgeni huramba matone kwenye majani. Mchana jua hukausha, basi.

Mwalimu akasema ndiyo hayo tu. Alisema polepole, akinitazama mimi. Kisha akatoa uamuzi. Mheshimiwa atabaki nyumbani kwetu likizo nzima, jikoni, chini ya uangalizi wa Mama. Mama akasema hataki. Mwalimu akanywa chai, akamsihi, akamwita mlezi. Mama akasema basi, lakini huyo kinyonga asithubutu kupanda jiko. Ufunguo wa maabara amepewa Bi Vipimo. Mimi nitalipa sketi kwa kupiga pasi nguo za wateja mpaka Mama atakaponyamaza.

Wakati wa kuondoka Bi Vipimo alibaki nyuma kidogo langoni. Akasema kwamba mapumzikoni maabara itakuwa wazi, na kwamba kuna kiti cha pili, ila nisiguse kitu. Nilisema asante. Ilisikika!

Jumapili, 15 Machi

Siku ya kutafakari. Mwanasayansi wa kweli hukubali makosa yake na kujifunza.

Nimetafakari tangu asubuhi huku nikipiga pasi suti ya karani, na nimegundua kosa lilipokuwa. Watu wote jana walikimbilia kusema tatizo ni kwamba unywele ulikuwa wa bandia. Haraka ya wasio na subira! Nimemuuliza Dada, naye amekiri kwamba zile zilikuwa nywele za bei rahisi kuliko zote saluni. Ndiyo hiyo sababu. Kifaa duni, majibu duni.

Shangazi, dada yake Baba, anakuja kukaa nasi wiki ijayo. Ana wigi. Dada anasema wigi lile lina thamani kubwa kuliko cherehani ya Mama. Unywele mmoja tu. Hata hatajua.

Na jikoni kwa Mama, nikiangalia vizuri, hali si nzuri hata kidogo. Dirisha wazi siku nzima! Upepo unapita ovyo! Matone yanatoka kwa kukung'uta mikono, bila kipimo chochote! Mheshimiwa amekaa pale akiwa wa kijani, anaramba majani, anajifanya ana raha. Maskini, haelewi hali yake.

Nimeshapata msumari wa kufungia lile dirisha. Kopo ninalo. Mama atakapokwenda sokoni kesho nitaanza kwa kulitundika darini.